Chai ya Majani: Tujifunze Kuionja, Tulinde Damu na Meno ya Watoto Wetu



Hapa kwetu mtu akikuuliza asubuhi, "Umekunywa chai?", haulizi habari za kikombe peke yake. Anauliza kama umekula. Neno chai limekuwa jina la mlo mzima wa asubuhi, yaani kikombe pamoja na andazi, chapati, kiazi kitamu, muhogo au mkate. Mgeni akifika ni chai. Kamati ya parokia ikikutana ni chai. Usiku wa msiba ni chai. Kuanzia Ngaramtoni hadi Usa River ni vigumu kuikuta nyumba ambayo sufuria ya chai haipandi jikoni kila siku.

Hata hivyo, mwulize mtu aliyekunywa chai kwa miaka arobaini kwamba majani yenyewe yana ladha gani, naye atasita. Atasema chai ni tamu, kwa sababu anakumbuka sukari. Atasema inanukia, kwa sababu anakumbuka tangawizi na iliki. Atasema ni nzito, kwa sababu anakumbuka maziwa. Majani, ambayo ndiyo chai yenyewe, hayajui.

Mwezi huu tunapenda kuzungumza nanyi juu ya kuonja chai. Msishangae kwamba wauguzi wanaandika habari za ladha badala ya magonjwa. Familia inayoijua ladha ya chai nzuri huipika kwa muda mfupi, huitia sukari kidogo, huingoja ipoe, na huinywa kwa saa yake. Mambo hayo manne ndiyo hasa tunayowasihi akina mama kliniki kila siku kwa ajili ya damu yao na afya ya watoto wao. Makatazo peke yake hayabadilishi mazoea ya nyumbani, lakini ulimi uliojifunza huyabadilisha.

MTI MMOJA, CHAI NYINGI

Wengi hudhani kwamba chai nyeusi, chai ya kijani na chai nyeupe ni mimea mbalimbali. Sivyo. Zote hutoka katika mti mmoja ambao wataalamu huuita Camellia sinensis, wenye asili ya China na nchi jirani za Asia. Katika nchi yetu Wajerumani waliupanda kwanza Amani, milima ya Usambara, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na mashamba ya biashara yakaanza katika miaka ya 1920. Leo chai ya Tanzania hulimwa hasa Usambara, Mufindi, Njombe na Rungwe. Sisi tunaoishi chini ya Mlima Meru tunajulikana kwa kahawa na migomba. Chai huja kwetu ikiwa tayari imekauka ndani ya pakiti, na pengine ndiyo sababu mti wake hatuujui.

Mchumaji mzuri huchuma chipukizi pamoja na majani mawili machanga yaliyo karibu nalo. Tofauti za chai huanza baada ya hapo, kiwandani.

Chai nyeusi, hii tunayoizoea, hunyaushwa, husagwa au huviringishwa, kisha huachwa ipate hewa mpaka jani ligeuke rangi kama ya shaba. Ndipo hukaushwa kwa joto. Chai ya kijani hupitishwa katika joto mapema ili jani lisigeuke rangi. Wachina wana namna iitwayo oolong, ambayo huachwa igeuke nusu tu. Chai nyeupe ni machipukizi na majani machanga sana yaliyonyaushwa na kukaushwa bila kusagwa. Nao majirani zetu wa Kenya walitoa kwa wakulima, mwaka 2011, aina ya mti wenye majani ya zambarau, iliyotokana na kazi ya watafiti wa chai wa Kericho.

Kisha kuna jambo la umbo. Chai nyingi ya Afrika Mashariki hutengenezwa kwa mashine ambazo zilibuniwa Assam, nchini India, katika miaka ya 1930. Mashine hizo husaga, huchana na kuviringa jani mpaka likawa punje ndogo kama ulezi. Punje hutoa rangi na nguvu upesi sana, na huvumilia maziwa. Namna ya zamani ni ile ya kuviringa jani bila kulisaga, likabaki refu na jembamba. Majani hayo marefu hayatoi rangi upesi, lakini mara nyingi huwa na harufu nyingi zaidi na ukali kidogo.

Mchaichai unaoota karibu na mlango wa jikoni, tangawizi, mdalasini na choya nyekundu si chai kwa maana ya mti ule. Ni vinywaji vizuri vya majani, mizizi, magome na maua, na havina kafeini, yaani kile kiini kinachozuia usingizi. Kwa mzee asiyepata usingizi, kikombe cha mchaichai cha jioni chafaa kuliko chai ya rangi.

KWA NINI TUNATIA SUKARI NYINGI

Tutazame jinsi chai inavyopikwa katika nyumba nyingi. Maji na majani hutiwa sufuriani pamoja, moto unawaka, mama anaendelea na kazi nyingine, na chai inachemka dakika kumi, kumi na tano au zaidi. Wengine huongeza maji juu ya makapi ya asubuhi ili ipatikane ya mchana.

Ndani ya jani la chai kuna vitu viitwavyo tanini. Katika dakika chache za mwanzo maji ya moto huchukua harufu, rangi na tanini kiasi. Kadiri chai inavyozidi kuchemka, harufu huondoka na mvuke, na tanini huzidi kutoka. Ukitaka kuijua tanini, kumbuka jinsi ndizi isiyoiva inavyoukausha ulimi. Huo ndio ukakasi, nao katika chai iliyochemshwa kupita kiasi huungana na uchungu. Mtu akionja kinywaji hicho hukunja uso, ndipo anavuta bakuli la sukari. Kijiko cha kwanza hakitoshi, wala cha pili.

Kwa hiyo sukari nyingi katika chai ni dawa ya kuficha mapishi mabaya. Mwenye kutaka kupunguza sukari aanze kwanza na sufuria, kabla ya kukitazama kijiko.

TUONJE PAMOJA NYUMBANI

Watu wenye kazi ya kuonja chai, wale wanaoamua bei yake kabla ya mnada, wana utaratibu maalumu. Hupima gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji yanayochemka, hufunika chombo cheupe, hungoja dakika 6, huchuja, hutazama, hunusa, kisha huvuta chai kidogo kwa sauti ili hewa iingie pamoja nayo. Mwisho huitema, kwa maana huonja vikombe vingi sana kwa siku. Sisi hatuna haja ya kutema. Utaratibu wao twaweza kuufuata kwa njia rahisi, hata katika mkutano wa Jumuiya Ndogo Ndogo:

1. Tafuteni namna mbili au tatu za majani. Kwa mfano, chai ya punje ya kawaida, chai ya majani marefu, na chai ya kijani. Maduka makubwa ya mjini Arusha huuza namna mbalimbali. Familia tatu zikichangia pakiti moja moja, gharama haimlemei mtu.

2. Chemsheni maji mapya. Maji yaliyochemka na kupoa mara nyingi hufanya chai iliyopooza.

3. Tieni kijiko kimoja kidogo cha majani kwa kila kikombe katika birika au bakuli, mwagieni maji yanayochemka, kisha mfunike. Kwa punje dakika 3 zatosha. Kwa majani marefu ngojeni dakika 5. Kwa chai ya kijani acheni maji yatulie kama dakika 5 baada ya kuepuliwa, kisha loweka majani dakika 2 tu, la sivyo itakuwa chungu.

4. Chujeni katika vikombe vyeupe. Tazameni rangi. Chai nzuri nyeusi hung'aa, na katika mwanga wa dirisha utaona wekundu au rangi ya dhahabu. Nuseni kikombe, kisha nuseni majani yaliyobaki kwenye chujio, ambayo mara nyingi hunukia kuliko kikombe.

5. Ngojeni ipoe mpaka kikombe kishikike vizuri mkononi. Onjeni bila sukari wala maziwa. Vuteni kidogo, izungusheni mdomoni, mmeze.

6. Kila mmoja aseme alichokiona. Je, ni chungu au ina ukakasi tu? Ukakasi uko mbele ya ulimi au pande zote? Je, baada ya kumeza kuna utamu unaobaki? Inanukia majani mabichi, maua, asali, au moshi?

7. Mwisho tieni maziwa kidogo, au nusu kijiko cha sukari, muonje tena. Hapo mtajua kila kitu kimeongeza nini na kimefunika nini.

Msiogope kutofautiana. Hata katika arusi ya Kana mkuu wa meza ndiye aliyeonja akatambua kwamba kilichokuja mwisho kilikuwa bora, na wengine walikuwa wanakunywa tu. Kuonja kwa makini ni namna mojawapo ya kushukuru.

Neno moja juu ya kutunza majani. Chai hunyonya harufu za vitu vingine. Pakiti iliyokaa dukani karibu na sabuni, au nyumbani karibu na mafuta ya taa, italeta harufu hiyo kikombeni. Iwekeni katika kopo kavu lenye kifuniko kinachobana, mbali na viungo, na msinunue nyingi kuliko mtakayotumia kwa miezi michache.

MAJI YA MLIMA MERU

Hakuna chai bila maji, na hapa kwetu habari ya maji ni nzito. Barabarani kati ya Usa River na Kikatiti kuna mahali paitwapo Maji ya Chai. Jina hilo limetokana na rangi ya maji ya mto wake. Ni jina la kupendeza, lakini sehemu hiyo na vijiji vingi vinavyouzunguka mlima vina maji yenye madini ya floridi kupita kiasi, kwa sababu maji hupita katika miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linashauri floridi isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji. Katika chemchemi, mito na visima kadhaa vya upande wa Meru, vipimo vimekuta mara nyingi zaidi ya hapo.

Matokeo tunayaona. Jino la kudumu la mtoto huundwa likiwa bado ndani ya ufizi, tangu kuzaliwa hadi kama miaka 8. Mtoto akipata floridi nyingi katika miaka hiyo, meno huota yakiwa na madoa meupe au ya kahawia, na mengine huchimbika. Kijana wa namna hiyo akienda shule ya mbali huchekwa, hata akajifunza kucheka huku amefunika mdomo. Floridi nyingi zaidi, kwa miaka mingi, huumiza mifupa na viungo, na kwa baadhi ya watoto miguu hupinda.

Sasa chai inaingia wapi? Mti wa chai una tabia ya kufyonza floridi kutoka ardhini na kuiweka katika majani. Jani lililokomaa huwa nayo nyingi kuliko chipukizi na majani machanga. Chai ikipikwa, sehemu kubwa ya floridi hiyo huingia katika kinywaji. Kwa familia yenye maji mazuri na inayokunywa kwa kiasi, si jambo la kuogopesha. Lakini kwa mtoto wa Meru ambaye maji yake tayari yana floridi, na makande yake yamepikwa kwa magadi ambayo nayo mara nyingi yana floridi, kikombe cha chai kali asubuhi na jioni ni mzigo wa tatu juu ya mabega yale yale.

Tukumbuke pia kwamba kuchemsha maji huua vijidudu lakini hakuondoi floridi. Maji yakipungua sufuriani kwa kuchemka sana, floridi hubaki katika maji machache yaliyosalia, na hivyo huzidi nguvu.

Tufanye nini? Kwanza, maji ya mvua yanayokingwa kwenye bati safi huwa na floridi kidogo sana. Familia yenye tangi dogo iyaweke maji hayo kwa ajili ya kunywa, kupikia na chai, hasa ya watoto, na iyachemshe kama kawaida. Maji ya kisima yatumike kufulia na kuogea. Pili, kuna vichujio. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeshughulika kwa miaka mingi na njia ya kuondoa floridi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Na mwaka 2015 Dk. Askwar Hilonga, wa chuo cha Nelson Mandela hapa Arusha, alipata tuzo ya Afrika ya ubunifu wa uhandisi kwa kichujio chake cha maji. Tatu, ulizeni ofisi ya maji ya mahali penu chanzo chenu kimepimwa vipi.

Nanyi mlio na maji ya namna mbili, jaribuni jambo moja. Pikeni majani yale yale, kwa kipimo kile kile, kikombe kimoja kwa maji ya mvua na kingine kwa maji ya kisima. Maji mengi ya ardhini ya upande wetu yana magadi magadi kiasi, na maji ya namna hiyo huifanya chai iwe nyeusi na iliyofifia, wakati maji ya mvua huitoa ikiwa nyekundu na inayong'aa. Rangi hiyo haiwezi kuwaambia kiasi cha floridi, kwa kuwa floridi haionekani wala haionjeki, na kipimo chake ni cha maabara. Lakini mtaona kwa macho yenu kwamba maji ni nusu ya chai.

CHAI NA DAMU

Tufike sasa kwenye jambo ambalo ndilo limetusukuma kuandika. Utafiti wa afya uliofanywa Tanzania mwaka 2015 na 2016 ulikuta upungufu wa damu kwa watoto 58 katika kila 100 wenye umri wa miezi 6 hadi 59, na kwa wanawake 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49. Sababu ni nyingi: malaria, minyoo, uzazi wa karibu karibu, na chakula chenye madini ya chuma kidogo. Chai peke yake haileti ugonjwa huo, lakini huusaidia.

Ile ile tanini inayokausha ulimi hushikana tumboni na madini ya chuma yaliyomo katika maharage, mboga za majani, uji na nafaka, yakatoka na choo bila kuingia mwilini. Chai inayonywewa pamoja na chakula cha namna hiyo yaweza kupunguza zaidi ya nusu ya madini ambayo mwili ungepata. Maziwa katika chai hayaondoi shida hii. Chai ya kijani nayo inazo tanini zake.

Mama mmoja wa ujauzito wa tatu alikuja kliniki damu yake ikiwa gramu 8.4. Kwa mjamzito tunataka isipungue gramu 11. Tulimpima malaria na minyoo, hakuwa navyo. Vidonge vya kuongeza damu alikuwa amepewa, na alivimeza kila siku bila kuruka hata kimoja. Tulipomwuliza anavimeza na nini, alijibu, "Na chai ya asubuhi, Sista, ili nisisikie kichefuchefu." Tulibadilisha saa tu. Kidonge akakimeza kwa maji usiku kabla ya kulala, na chai akaihamishia saa nne, mbali na chakula. Baada ya wiki sita damu ilikuwa gramu 10.1, na aliendelea hivyo mpaka akajifungua salama. Hakuacha chai. Alisema hata imekuwa tamu zaidi, maana sasa anakaa chini akainywa.

JOTO NA SUKARI

Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa wanywaji 188 wa chai kwa majirani zetu wa Kilimanjaro. Ilionekana kwamba walianza kunywa chai ikiwa na joto la wastani wa nyuzi 70.6. Wa chai ya maziwa walianza kwa joto kubwa zaidi kuliko wa chai ya rangi, kwa kuwa chai ya maziwa hukawia kupoa. Mwaka uliofuata, 2016, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza kwamba vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 yaelekea husababisha saratani ya umio, yaani njia inayopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Ugonjwa huo unajulikana sana katika nchi za Afrika Mashariki, na wengi hufika hospitali wakiwa hawawezi tena kumeza hata uji.

Mwenye kujivunia kwamba anaweza kunywa chai ikiwa bado inafuka moshi mwingi ajue kwamba anajiunguza, na wala haonji chochote, maana ulimi ulioungua hauna ladha. Mimina, weka kikombe mezani, zungumza na wenzako dakika tano hivi. Ukiweza kukishika kikombe cha bati bila kubadilisha mikono, hapo chai inanyweka na ladha inaonekana.

Kuhusu sukari, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba ni vizuri mtu mzima asizidishe kama gramu 25 kwa siku, yaani vijiko vidogo 6 hivi vya vyakula na vinywaji vyote. Mwenye kunywa vikombe vitatu vya chai vyenye vijiko vitatu kila kimoja amefika 9 kabla ya soda na keki. Njia nzuri ya kupunguza ni polepole. Mwenye kuzoea vijiko vitatu apunguze nusu kijiko kila wiki ya Kwaresima. Pasaka itakapofika atakuwa anakunywa chai tupu bila kusikia vibaya, na sukari iliyobaki itakuwa sadaka kwa nyumba yenye mgonjwa.

RATIBA TUNAYOSHAURI

Asubuhi: watoto na wajawazito wapate uji wa lishe, loshoro, viazi au maharage yaliyobaki, pamoja na tunda kama papai, chungwa, embe au pera. Matunda hayo husaidia mwili kupokea madini ya chuma. Chai isiwepo mezani kwao saa hiyo.

Saa nne: huu ndio wakati wa chai kwa watu wazima, na mababu zetu walioajiriwa katika mashamba na ofisi waliujua. Saa moja au zaidi imepita tangu kula, na chakula cha mchana bado. Keti, mimina, onja.

Mchana na usiku: maji. Atakaye chai tena angoje walau saa moja baada ya kula. Kidonge cha kuongeza damu kisimezwe kwa chai wala maziwa.

Mtoto chini ya miezi 6: maziwa ya mama peke yake. Asipewe chai hata kijiko, wala maji.

Mtoto mdogo baada ya hapo: akipata maziwa, apewe maziwa yenyewe. Kikombe cha chai ya maziwa ni maji, sukari na maziwa kidogo. Humjaza tumbo akakataa chakula. Huku kwetu Meru tunasihi zaidi asizoezwe chai kabla ya kufika miaka 8, kwa ajili ya meno yake.

Mjamzito: vikombe viwili visivyo vikali kwa siku vyatosha.

Chupa ya chai: chujeni majani kabla ya kumimina chai ndani. Majani yakibaki humo huendelea kutoa uchungu mpaka jioni.

Wapendwa wasomaji, hatuwaambii muache chai. Ni kinywaji cha ukarimu, na mgeni apewe kama tulivyolelewa. Tunaomba tu ipikwe dakika chache, kwa maji mazuri, ichujwe, ipoe kidogo, na inywewe mbali na chakula na vidonge. Jumapili hii baada ya Misa, jaribuni vikombe vile vitatu. Ukiwa na mjamzito nyumbani, mwulize anavimeza na nini vidonge vyake, na umletee glasi ya maji.

Tunawatakia afya njema ya mwili na roho.